Alipio Anachagua Matairi

Mume wangu Alipio alinichagua mimi kwa jioni moja tu, kwenye harusi ya watu, nimebeba sufuria ya wali na nywele zimejaa moshi. Matairi ya lori yalimchukua karibu msimu mzima wa kabichi. Nasema hivi bila kinyongo. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka husema mambo jinsi yalivyo.

Tunakaa Buguias, upande wa juu, kabichi na karoti zinashuka ngazi kwa ngazi chini ya nyumba yetu mpaka zinapotelea kwenye ukungu, na barabara kuu ya Halsema inapita juu ya paa letu. Barabara hiyo ndiyo iliyotulisha. Alipio amepeleka mboga soko la jumla la La Trinidad tangu kabla sijamjua. Alianza akiwa utingo wa mjomba wake, kazi yake kulala juu ya magunia ya viazi na kuruka chini kwenye kila mlima ili aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Baadaye akanunua lori lake mwenyewe, mojawapo ya yale makuukuu yanayoteremshwa bandarini kutoka Japani, usukani uko kulia, na mafundi wakauhamishia kushoto. Lilifika nyumbani wiki aliyozaliwa binti yetu, kwa hiyo akaliandika JOVITA juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu. Wavulana wetu wawili waliotangulia hawakuandikwa popote, na mpaka leo wanamtania dada yao kwa hilo.

Alipio si mtu wa maneno. Ukitaka kumjua, mtazame asubuhi. Kabla hajaniuliza nimeamkaje, hutoka na nyundo yake ndogo, akayagonga matairi moja baada ya jingine, kichwa kimeinama, akisikiliza. Lori lina matairi sita, mawili mbele na manne nyuma, na katika maisha yangu yote ya ndoa sikuwahi kuona mawili yanayofanana. Hili limeokotwa kwenye duka la mitumba, lile limevalishwa mpira mpya juu ya mzoga wa zamani, jingine amebadilishana na mwenzake kwa mkungu wa ndizi. Kila tairi lilikuwa na historia yake na Alipio alizijua zote, kuliko alivyozijua siku za kuzaliwa za wanawe.

Kisha goti la kushoto likamgomea. Hilo ndilo goti la klachi. Kuteremka kutoka kwetu na mzigo wa kabichi ni kazi ya mguu huo, gia ndogo, kona juu ya kona, saa nzima hujapumzika. Siku moja alirudi akashindwa kushuka. Jovita alimshika kwapa, mimi nikashika mguu, tukamteremsha mlangoni mwa lori huku akitutukana sisi sote wawili. Daktari alimwambia goti limelika, hakuna cha kurudisha. Alipio akanijibu, nilipomuuliza, kwamba daktari ni mtoto mdogo.

Jovita alikuwa tayari. Kaka zake wako Korea wanavuna vitunguu vya wenzao, yeye alibaki. Tangu amalize shule alikuwa utingo wa baba yake. Alifunga turubai, alibadilisha matairi kwenye matope, alikula wali baridi kando ya barabara, na leseni ya malori anayo. Lakini baba yake alimwachia usukani kwenye tambarare tu, kule chini karibu na soko. Mteremko ukianza, "Sogea."

"Mpe usukani," nikamwambia Alipio, namkanda goti kwa mafuta ya moto.

"Nitampa. Siku nikipata matairi ya kufaa."

"Haya yaliyopo?"

"Haya ni vipara, Mama Jovita. Mvua hiyo inakuja. Mtoto hateremki Halsema na vipara."

"Wewe umeteremka navyo maisha yako yote."

"Mimi ni mimi."

Ndiyo ikawa ahadi. Akipata matairi ya kufaa, usukani ni wa Jovita. Binti yangu alifurahi, akadhani ni suala la wiki moja. Nami nilidhani hivyo. Goti la Alipio lilikuwa likivimba kila safari, kabichi zilikuwa zikifunga shambani, na kila aliposhika njia na mguu ule nilikuwa sili mpaka niwasikie wanapiga honi juu ya paa.

Akaanza kuuliza. Kosa la kwanza ni kuuliza madereva. Pale sokoni La Trinidad kuna kibanda cha kahawa ambamo madereva wa mboga hukaa wakisubiri wanunuzi, kofia zao pana za wachunga ng'ombe zimewafunika mpaka puani. Siku hiyo nilikuwepo, nimepeleka karoti zangu, nikayasikia yote.

"Nunua Mwewe," akasema Pulgencio, dereva mnene wa Atok. Kila chapa wao wanaiita kwa picha iliyo ubavuni mwa tairi. "Mwewe likishika barabara limeshika. Hata mkeo hakushiki hivyo."

"Muulize lini limemshika mara ya mwisho," akasema Delmar, mdogo wao, na kibanda kizima kikacheka.

"Wewe Delmar nyamaza, lori lako linatembea na matairi ya baiskeli."

"Nyota hayo, Manong," akasema Delmar, kama mdogo anavyomwita kaka mkubwa. "Nyota! Mvua mbili zimepita na meno bado yamo."

"Meno yamo kwa sababu hubebi kitu. Unabeba vitunguu majani. Beba kabichi tuone."

"Mlima ndiyo chapa," akasema mwingine. "Ghali, lakini ukinunua umenunua. Binamu yangu ana Mlima."

"Binamu yako yupo korongoni tangu mwaka juzi!"

"Alilala usingizi! Tairi lilikuwa zima! Walilitoa kule chini, likauzwa, mpaka leo linatembea!"

Hapo walicheka tena, lakini kidogo, na kila mmoja akaangalia kikombe chake. Alipio hakucheka kabisa. Alikuwa ameshika kahawa kwa mikono miwili, hajainywa. Benchi lile nimelijua tangu ujana wetu, na najua wengi waliokalia pembe ile na hawaji tena. Pulgencio anakalia nafasi ya marehemu kaka yake. Hatukai tukayasema haya. Tunasema Mwewe, tunasema Nyota.

Tulitoka pale tukaenda duka la matairi la Manang Consing, kama tunavyomwita dada mkubwa, jirani na stendi. Consing anawajua madereva wote na mabibi zao. Alimtolea Alipio chapa zote tatu, akazisimamisha barazani. Alipio akapiga magoti, lile zima chini na bovu limenyooshwa pembeni, akaanza. Akabonyeza meno kwa ukucha. Akaingiza kidole kwenye mifereji apime kina. Akatafuta zile tarakimu ndogo ubavuni zinazosema tairi lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani, kwa sababu mpira nao huzeeka ukiwa rafuni hata kama haujakanyaga barabara. Akasoma uzito linaoweza kubeba. Mwisho akainama akalinusa.

"Manong Alipio," akasema Consing, "unanunua tairi au unaposa?"

"Hili Mwewe ni la mwaka juzi."

"Basi chukua Mlima. Lile ni bichi kabisa, linanuka kiwanda."

"Gumu. Mpira mgumu unateleza kwenye maji."

"Basi Nyota. Laini, jipya, mifereji mirefu ya kutema maji."

"Laini sana. Litalika kabla ya Desemba."

Consing alinitazama mimi. Mimi nikatazama paa. Jovita alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mfukoni, na nilijua bila kugeuka kwamba anahesabu pumzi.

"Nitafikiri," akasema Alipio, akanyoosha mkono tumwinue.

Njia nzima ya kurudi aliendesha yeye, akiuma meno kila alipokanyaga klachi. Tulipofika kwenye kituo kimoja cha kunywa supu ndipo Jovita akazungumza.

"Baba, hakuna tairi lisilo na kasoro."

"Najua."

"Basi unatafuta nini?"

"Natafuta tairi."

Safari iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata. Alinusa matairi ya maduka yote mpaka mjini Baguio. Alirudi na karatasi za matangazo, akazibandika jikoni kwangu, mahali pa kalenda ya kanisa. Watu wa kijiji wakaanza kumwita mwalimu wa matairi. Mkulima akitaka kubadilisha la trekta yake ya mkono anakuja kwetu, Alipio anamfundisha saa nzima, yule anakwenda kununua siku hiyohiyo. Sisi bado vipara. Nikimwambia, ananijibu kwa utulivu kabisa kwamba haraka ndiyo inayoua. Kuna siku nilitamani kumgonga na nyundo yake mwenyewe.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Ndipo likaja wazo la kuku.

Kwetu lori jipya halianzi safari bila kuku. Anachinjwa, mzee anasema maneno kwa wale waliotutangulia, tumbo linafunguliwa, na nyongo inatazamwa. Ikiwa imejaa na ini limeifunika vizuri, nenda. Ikiwa imesinyaa, au iko uchi haina cha kuifunika, usiende, leta kuku mwingine. Hata wanaosali kanisani kila Jumapili hufanya hivyo, na padri wetu mwenyewe hula paja. Lakini tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akimuuliza kuku habari za chapa ya tairi.

"Sasa kuku atajuaje?" nikamuuliza.

"Tunamchinja mmoja kwa ajili ya Mwewe. Nyongo ikikubali, tumemaliza."

Alimwita Lakay Sabiano, mzee wa nyumba ya pili, asiyesikia vizuri na asiyekataa kuku. Jogoo wa kwanza alipigwa taratibu kwa fimbo shingoni na mbawani kama tunavyofanya siku zote, akaunguzwa manyoya, akapasuliwa. Nyongo ilikuwa imesinyaa kama zabibu kavu.

"Mbaya," akasema Lakay Sabiano. "Mnasafiri kwenda wapi?"

"Hatusafiri. Tunauliza tairi la Mwewe."

"Mwewe gani? Amewaibia vifaranga?"

Tukamweleza kwa kelele mpaka majirani wakasikia. Akatikisa kichwa, lakini nyama ilikuwa imeshaingia chunguni pamoja na kipande cha nguruwe wa kukaushwa, akakaa kula. Kesho yake akachinjwa wa Mlima. Nyongo imejaa lakini ini limekaa mbali, liko upande wake kama mke aliyenuna. Mzee akasema wengine wangekubali, wengine wangekataa. Alipio akakataa. Keshokutwa yake akachinjwa wa Nyota, na nyongo ilikuwa nzuri kiasi kwamba mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa nimeshachoka kunyonyoa, nilipiga kofi la furaha. Imejaa, imelala chini ya ini kama mtoto chini ya blanketi.

"Haya!" nikasema. "Nyota! Kesho tunashuka kwa Consing."

Alipio akaichungulia. Akageuza ini kwa kidole. Akamtazama Lakay Sabiano, akaitazama tena.

"Labda huyu anajibu swali la jana," akasema. "La Mlima."

Nilikaa chini pale pale, kisu mkononi. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nilimtazama mwanamume niliyeishi naye, mwenye mvi kwenye nyusi, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama wa mbao, akitafuta sababu ya kumkataa kuku aliyekubali. Nikaelewa. Niliona aibu kwamba nimechelewa hivyo. Alipio hakuwa akitafuta tairi zuri. Alikuwa anatafuta tairi litakaloapa kwamba mtoto wake atarudi, na tairi la namna hiyo Consing hauzi.

Jovita naye alikuwa ameelewa, pengine kabla yangu. Alikwenda nyuma ya nyumba, na niliposikia kelele nikajua amemkamata yule jike wangu mwekundu, kuku wangu wa mayai. Alikuja amembana kwapani.

"Huyu aulizwe habari yangu," akasema.

"Huyo ni wa mayai," nikasema, jambo la kipumbavu kuliko yote niliyoweza kusema.

"Matairi yameulizwa ya kutosha. Lakay, huyu ni kwa ajili ya dereva. Muulize kama mimi niendeshe au nisiendeshe."

"Usimuulize hivyo," akasema Alipio.

"Kwa nini, Baba?"

"Rudisha kuku wa mama yako."

"Kwa nini nisiulize? Siku tatu unamuuliza kuku mambo ya mpira!"

"Kwa sababu akikataa nitafanya nini?" Alisema kwa sauti kubwa, Alipio ambaye hapazi sauti. "Ee? Akikataa nitafanya nini na wewe? Nikufungie ndani? Na akikubali, ndiyo nini? Kaka yake Pulgencio walimchinjia nguruwe. Nguruwe mzima! Nyongo kama yai! Mimi nilikuwepo, nilikula!"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Lakay Sabiano alikuwa amesikia, hilo alilisikia vizuri, akaweka bakuli lake chini. Jovita alisimama na kuku wake, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Baba," akasema, "kila siku unapokwenda na goti hilo, mimi nakaa pembeni yako nimeshika mlango. Unajua kwa nini nashika mlango? Ukikanyaga klachi mguu unatetemeka. Nauona. Kwenye kila kona nauona. Mimi naogopa kukuangalia wewe kuliko ninavyoogopa kuendesha."

Alipio alimpungia mzee kwa kidevu, kwamba haya, endelea.

Nyongo ya yule jike ilikuwa njema. Njema kabisa, hata Lakay Sabiano hakuwa na la kuongeza. Mimi nilimshukuru Mungu na wale wa zamani kwa pamoja. Lakini nilipogeuka nikaona uso wa mume wangu, nikatamani ingekuwa mbaya walau kwa ajili yake. Alikuwa ameishiwa. Alikaa na bakuli la mchuzi mapajani mpaka mafuta yakaganda juu.

Kesho yake walishuka kwa Consing, na safari hii Alipio alibaki amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Jovita ndiye aliyepiga magoti. Consing alinihadithia baadaye kwamba hata hakuuliza picha ya ubavuni ni ya nini. Alitaka kujua kama kuna sita ya aina moja, ya mwaka huu, yaliyotengenezwa wiki moja, yenye uwezo wa kubeba mzigo wetu na mifereji ya mvua. Mwewe yalikuwa manne, Mlima mawili mapya na matatu ya zamani. Nyota yalikuwa sita. Basi Nyota. Consing anasema baba mtu alifungua mdomo, akaufunga, akaomba maji. Yakafungwa yote sita, na lori likasimama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu nilijue. Sehemu ya spea Alipio akaning'iniza moja ya yale aliyovalisha upya. Jovita akasema la zamani hilo litupwe. Baba yake akasema hapana, na kwa kuwa ndilo neno pekee aliloshinda siku hiyo, binti akamwachia.

Wakarudi nyumbani, wakapakia kabichi. Alipio aliingia shambani na fimbo akasimamia mpaka kila gunia likakaa. Kisha binti yake akapanda upande wa usukani, na Rosalina, dada yangu mdogo, mwanamke mwenye mabega mapana, akapanda kuwa utingo. Alipio alizunguka lori mara mbili na nyundo yake. Nilidhani atasema kitu cha baba. Alisema, "Upepo wa matairi ya mbele usizidi." Wakaondoka.

Ile siku ilikuwa ndefu. Alipio alikaa ukutani kando ya barabara na simu mkononi, amevaa koti la mvua. Nilimpelekea kahawa, ikapoa. Nilimpelekea viazi vitamu, akawapa mbwa. Mvua ikaongezeka. Saa ambayo wangekuwa wamefika soko ikapita na simu haikulia, nami nikapiga, ikasema hapatikani. Madereva waliokuwa wakipanda walisema kuna mafundi wanatoa kifusi huko mbele ya Atok, udongo umeanguka. Alipio aliwasikiliza na kuwashukuru mmoja mmoja. Mikono yake ilikuwa ikishika usukani usiokuwepo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nimeshika ukuta.

Hatimaye simu ikalia. Ni ujumbe wa Jovita, Alipio akanipa mimi nisome kwa sababu macho yake yamegoma. Tumefika. Tairi la mbele kushoto limechomwa na chuma pale penye kifusi, likapasuka. Hatukuumia. Tumefunga spea.

Aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akauliza, mbele kushoto? Nikasema mbele kushoto. Huo ni upande wa korongo.

Walirudi kesho yake mchana, turubai tupu linapepea. Mbele kulia kuna Nyota jipya linang'aa kwa matope, mbele kushoto lile tairi la kuvalishwa, baya, limechakaa, limevuka salama. Watu walikuwa wameshajaa uani, kwa sababu habari kama hiyo hupanda mlima kabla ya lori. Delmar alikuwepo, na Lakay Sabiano, na Pulgencio aliyesimamisha lori lake juu makusudi. Rosalina ndiye aliyekuwa anasimulia, anaonyesha kwa mikono, namna kishindo kilivyolia, namna pua ya lori ilivyovutwa kuelekea kwenye utupu, namna yeye Rosalina alivyomwita Bikira Maria na bibi yetu kwa pumzi moja.

"Na huyu," akasema, anamsukuma Jovita begani, "hakugusa breki! Mimi napiga kelele breki, breki, na yeye kanyamaza kimya. Kashika usukani tu, kaliacha lipungue lenyewe, likasimama. Nikamwuliza kwa nini hukukanyaga breki, akaniambia Baba hakanyagi."

Alipio alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mbele, mgongo ametugeuzia. Alikuwa hajamfundisha kwamba tairi la mbele likipasuka, breki ndiyo inayokupeleka korongoni. Najua hakumfundisha, maana Alipio hafundishi kitu kwa mdomo isipokuwa chapa za matairi. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia rimu, na mimi nikasimama mahali ambapo watu wasingemwona uso.

"Umeona sasa?" Pulgencio akaanza, hawezi kujizuia. "Nyota hayo! Jipya kabisa, limepasuka siku ya kwanza. Ningekuwa mimi, ningenunua Mwewe."

"Chuma, Manong," akasema Delmar. "Chuma cha zege. Hata Mwewe lingepasuka."

"Lisingepasuka."

"Lingepasuka na wewe ndani yake, kwa uzito huo!"

Wakaanza upya, kana kwamba wako kibandani. Mwisho Pulgencio akamgeukia mume wangu. Mvua ilikuwa imeanza tena, naye mwenyewe alihitaji matairi kabla ya mwezi kuisha. Hakuwa anatania. "Alipio, acha utani. Wewe umezinusa zote. Mimi nashuka na kabichi kila siku, nina watoto. Niambie kweli, ninunue zipi?"

Kila mtu akasogea asikie. Alipio akajiinua kwa kushika bampa, mguu kwanza, kisha mwili. Akafuta mikono kwenye suruali. Nilimwona akifikiri, na nikajua majibu yote aliyokuwa nayo, mwaka wa kutengenezwa, ugumu wa mpira, kina cha mifereji, kwa sababu nimelala karibu na majibu hayo msimu mzima.

"Mimi sijui," akasema. Akamwelekeza kwa midomo upande wa Jovita, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi anavua viatu vilivyojaa maji. "Muulize dereva."

Maisha yangu yote ya ndoa, mtu akiita dereva katika ua wetu, aliyeitika ni Alipio. Jovita aliinua kichwa, akatazama nyuma yake kuona baba yake anamsema nani.